Sindano Mbili na Sindano Mia Mbili

Mgeni anayefika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hushangaa kuona sweta. Jua limeshapanda, jasho linamtiririka, na mbele yake kituoni Tandika wamesimama watoto wa shule waliovaa sweta za kijani na za buluu kana kwamba wanakwenda Makete. Sisi wenyeji tumezoea. Sweta ni sehemu ya sare, na mtoto mchanga wa Temeke, hata katika joto la Februari, hatolewi nje bila kofia ya kufuma kichwani. Ukiongeza na vitambaa vya kroshia vinavyofunika makochi yetu, utakubali, ndugu msomaji, kwamba mji huu wa joto una kazi ya kufuma kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Je, kazi hiyo ifanywe kwa mkono au kwa mashine? Swali hili nimeliona likibishaniwa ndani ya nyumba yetu, baina ya watu wawili ninaowaheshimu, na kila mmoja alikuwa na haki upande wake.

Mama yangu alitulea Kinondoni kwa sindano mbili. Alijifunza kufuma akiwa msichana, katika darasa la akina mama, na tangu nilipopata akili sikumbuki jioni aliyokaa bila bonge la uzi mapajani. Sisi watoto tulinyoosha mikono mbele kama watu waombao dua, naye akatuvika shada la uzi na kulizungusha mpaka likawa bonge. Sweta moja ya mtoto wa darasa la kwanza ilimchukua jioni 10 au 12. Zikinunuliwa tatu, madaftari ya mwaka yamepatikana. Katika nyumba yetu, basi, ufumaji haukuwa pambo wala maliwazo; ulikuwa karo.

Kazi ya mkono ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Nguo nzima si kitu ila kitanzi kilichopitishwa ndani ya kitanzi kingine, safu juu ya safu, na uzi ni ule ule mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana anayefuma aweza pia kufumua, na lugha yetu imelijua hilo zamani ikayapa matendo hayo mawili shina moja. Kosa likionekana katika safu ya 20, mama huvuta uzi taratibu, sweta ikarudi nyuma mpaka mahali palipoharibika, kisha akaanza tena. Hakuna kilichopotea ila muda.

Ni muda huo hasa uliomleta nyumbani kwetu binti mmoja mbunifu wa mavazi, mwenye chumba cha kazi huko Tandika. Alikuwa ameona mahali fulani shali ya mtoto mchanga aliyoifuma mama, yenye majani meupe ya mkorosho juu ya kijani, akaulizia mpaka akafika. Yeye hufuma kwa mashine. Siku moja nilikwenda kuitazama.

Ni mashine kuukuu, ya kusukuma kwa mkono, isiyotaka umeme. Siku umeme unapokatika, jambo hilo ndilo fahari yake. Imelala juu ya meza mfano wa kinanda kirefu. Sindano 200 zimepangwa mstari mmoja, kila moja ina ndoana nchani na kiulimi kidogo kinachofunga na kufunguka. Sindano ya namna hii ilibuniwa na Mwingereza Matthew Townsend, akapewa haki yake mwaka 1849. Na mwaka 1863 Mmarekani Isaac Lamb akapewa haki ya mashine bapa iliyozitumia sindano hizo. Kigari kinaposukumwa kutoka kushoto kwenda kulia, kila ndoana hunasa uzi mpya, kiulimi hufunga, na kitanzi cha zamani huteleza juu yake. Msukumo mmoja, safu moja. Sweta ya jioni 12 huweza kukamilika kwa siku moja, na bado mtu akapata nafasi ya kupika.

Lakini binti huyu hakuridhika na sweta za sare peke yake. Alitaka kufuma vazi la mtu mzima wa Dar es Salaam, vazi lisilomchemsha mvaaji, na kwa hiyo akaanza majaribio ya uzi wa pamba. Nyuzi nyingi ziuzwazo madukani kwa jina la sufu ni akriliki, zao la viwanda vya kemikali: ni rahisi na zina rangi kali, lakini hazinywi jasho, na pasi yenye moto huziyeyusha. Pamba hunywa jasho, na tunailima wenyewe kule Shinyanga na Mwanza. Tatizo ni kwamba pamba haina mvutiko wa sufu. Kwenye mashine ilikwaruza na kukatika. Akajaribu kuupitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa kabla haujafika kwenye sindano, ukateleza vizuri. Akafuma kipande kidogo cha majaribio, akakifua, akakianika, na kilipokauka kilikuwa kimepungua urefu na kutanuka upana. Tangu siku hiyo hapimi vazi lolote ila kwa kipande kilichokwisha kufuliwa. Kama sentimita 10 zina vitanzi 28, basi mbele ya vazi yenye upana wa sentimita 50 huanzishwa kwa vitanzi 140. Ubunifu, kumbe, una hesabu nyingi kuliko ndoto.

Jaribio lake jingine lilikuwa la mitumba. Hununua sweta zilizochakaa viwiko, akazifumua na kuufua uzi wake. Hapo amejifunza kuchagua kwa jicho. Sweta ambayo kila kipande chake kilifumwa kwa umbo lake hufumuka kwa uzi mrefu. Ile iliyokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kipana kisha ikashonwa pembeni, humwachia mtu vipande vya uzi vifupi visivyo na faida. Nguo humsema fundi wake inapofumuliwa.

Alipofika kwa mama, alisalimia kwa adabu, akaeleza haja yake: alitaka kufundishwa jani la mkorosho. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nikikupa jani langu, mashine yako ikalifuma mara mia kwa siku, nani tena atapiga hodi kwangu?"

Swali hilo lilitunyamazisha sote. Wala si swali la mtu asiyependa maendeleo. Mwaka 1589 huko Uingereza, kasisi William Lee alibuni fremu ya kufuma soksi. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa haki ya kipekee, na inasimuliwa kuwa aliwahurumia wafumaji wa mkono ambao wangekosa riziki. Lee akahamia Ufaransa. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1811, mafundi wa Nottingham walizivunja fremu za namna ile ile. Nao hawakuwa maadui wa chuma, maana wao wenyewe walikuwa wakiishi kwa kuzitumia. Walichokichukia ni ujira uliopunguzwa, na soksi duni zilizokatwa kutoka kitambaa kipana na kushonwa, zilizokuwa zikiachia upesi na kuwaharibia jina. Mama hajapata kusoma habari za Nottingham, lakini alikuwa ameuliza swali lao.

Hata hivyo alikubali kujaribu, na hapo ndipo mashine ilipoonyesha udhaifu wake. Mashine hiyo husoma mapambo kutoka kwenye kadi yenye matundu, na kadi ina nafasi 24 tu, zinazojirudia kuanzia mwanzo hadi mwisho wa safu. Jani la mama lilikuwa na vitanzi 10. Kumi haigawi 24. Ilibidi jani liwe na vitanzi 8 au 12. La 8 lilikonda likawa kama jani la mpera. La 12 lilipotoka, mama alilitazama akacheka: "Huu si mkorosho tena, huu mgomba." Walikaa siku tatu, yule anachora juu ya karatasi ya miraba, huyu anafuma kwa sindano zake mbili kile kilichochorwa, mpaka likapatikana jani la vitanzi 12 lililochongoka vizuri. Mkono ulijaribu kwanza, mashine ikafuata.

Udhaifu wa pili ulikuwa pembeni. Kitambaa cha mashine yenye mstari mmoja wa sindano hujikunja kandokando kama jani kavu, na hakiwezi kutoa pindo lile linalovutika la shingoni na mikononi, mpaka mtu aviachie vitanzi kimoja kimoja na kuvigeuza kwa mkono. Binti alikuwa akilifanya hilo kwa taabu. Mama na jirani zake wawili hulifanya huku wakizungumza. Basi wakapatana: mashine ifume mwili wa vazi, mikono ifume shingo, mapindo na vishikizo, kila vazi lenye jani la mkorosho lipitie mikononi mwa mama, na ujira wake utajwe kabla kazi haijaanza, usingoje huruma baada ya mauzo.

Njia hii wengine pia wameipitia. Mwaka 1927 mjini Paris, mbunifu Elsa Schiaparelli alipata jina kwa sweta nyeusi yenye picha ya fundo jeupe la kipepeo shingoni. Ilifumwa kwa mkono na mama wa Kiarmenia, na jaribio la kwanza halikufaa. Karibu zaidi na kwetu, Laduma Ngxokolo wa Afrika Kusini, aliyefundishwa na mama yake kutumia mashine ya kufuma, alichukua mapambo ya shanga ya Waxhosa akayatia katika sweta za vijana waliotoka jandoni. Kazi hiyo aliianza mwaka 2010 akiwa mwanafunzi, na leo inajulikana duniani. Kwa wote wawili, nyuma ya jina kubwa alikuwapo mwanamke aliyejua kitanzi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine ni mgeni, na mgeni huyu aweza kweli kumponya mwenyeji: amempunguzia mama jioni ndefu za safu zisizo na pambo, sasa ambapo macho yake hayapendi tena taa hafifu. Lakini mgeni akikabidhiwa nyumba yote, mwenyeji atalala nje. Mpaka baina ya hali hizo mbili hauwekwi na mashine. Unawekwa na mapatano ya ujira, na unawekwa pia na sisi wanunuzi.

Kwa hiyo wewe utakayeagiza sweta ya mwanao anayekwenda shule Njombe au Lushoto, igeuze ndani nje kabla hujalipa. Tazama kama pembeni imefumwa au imekatwa. Uliza shingo imefumwa na nani. Ukiambiwa ni kazi ya mkono, usimpunguzie bei fundi kwa kumlinganisha na rundo la mtumba, kwani unacholipia ni jioni za mtu. Na wewe binti unayetamani mashine, anza na sindano mbili. Aliyekwisha kukijua kitanzi kimoja kwa vidole vyake ndiye awezaye kuziamrisha sindano 200. Asiyekijua, zitamwamrisha yeye.