Ndege Aliyeonekana Kwanza Sufuriani

Tukisikia habari za watafiti wa ndege adimu tunafikiria darubini na vitabu vinene. Lakini mmoja wa ndege adimu kabisa wa Tanzania aliwafikia wataalamu akiwa sufuriani.

Ilikuwa mwaka 1991, katika misitu ya milima ya Udzungwa. Watafiti kutoka Denmark waliona ndani ya sufuria ya kambi miguu ya ndege wasiyemtambua. Miguu ya kuku nani asiyeijua? Hii ilikuwa mingine. Baadaye walimwona ndege mwenyewe akiwa hai, na mwaka 1994 akaandikwa rasmi kuwa aina mpya ya kwale. La ajabu, jamaa zake wa karibu ni kwale wa misitu ya Asia, si hawa wa mashambani kwetu.

Wanasema "aligunduliwa". Mimi neno hilo hunichekesha kidogo, maana aliyemtega na kumnyonyoa alikwisha kumjua! Kliniki ni vivyo hivyo. Mama akiniambia, "Sista, leo mtoto hanyonyi kama jana," namsikiliza kabla sijashika kipimajoto.

Kwale huyu, pamoja na ndugu yake wa milima ya Rubeho, hapatikani penginepo duniani, na mitego bado ni hatari kwake. Kwa hiyo wanaoandika taarifa za ndege adimu wawaulize watega mitego na akina mama wanaookota kuni. Hao ndio wanaojua mwaka huu ameonekana wapi, na ni bonde gani haonekani tena.