Mtambaapanya Tulioukata

Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi wetu hapa Bujumbura kwamba mhimili ni kitu kinachotegemewa. Tumetoa mifano ya mihimili ya taifa na ya familia, nao wameiandika madaftarini. Mhimili wa mti hatukuwahi kuugusa mpaka tulipotaka kuwapatia watoto chumba cha kulala chini ya paa la nyumba yetu.

Paa hilo ni la vigae vya udongo. Makombamoyo yake hupanda kutoka kuta mbili na kukutana kileleni, na kila jozi hufungwa chini kwa boriti ya kukingama iendayo ukuta hadi ukuta, ndiyo mtambaapanya. Mmojawapo ulikuwa pale pale tulipotaka ngazi ipite. Tukaukata kwa msumeno, Jumamosi moja, bila kumwuliza mtu.

Baada ya majuma machache ufa ulitokea juu ya dirisha, hata kidole cha mtoto kikaingia. Ndipo tulipomwita seremala, mzee wa Buyenzi. Alipanda, akatazama, akashuka.

"Mwalimu," akasema, "paa ni mtu aliyetanua miguu penye utelezi. Boriti hii ni kamba iliyofunga vifundo vyake. Kamba umeikata, na mzigo bado anao kichwani."

Mzigo wenyewe si haba: mita moja ya mraba ya vigae hufikia kilo 40 na zaidi, ilhali ya bati ni kilo 5 hivi. (Neno mtambaapanya mzee hakulijua, tulilijua sisi, wenye msumeno.)

Siku nzima ya kwanza aliitumia kutegemeza makombamoyo kwa miti ya muda, nasi tukaudhika kwa kutoona kazi. Kisha akaweka boriti nene pande mbili za tundu la ngazi, akaziunganisha kwa mti wa kukingama, na ncha iliyokatwa akaifunga hapo kwa bolti. Chini ya makombamoyo akapitisha mihimili miwili mirefu juu ya nguzo fupi, zilizosimama palipo na ukuta chini yake.

Ufa hakuuziba. Alikingamisha juu yake kipande chembamba cha kioo, akakishika kwa saruji kila upande. Kikivunjika, alisema, watoto washuke.

Sasa wanalala huko juu. Nasi kila asubuhi, kabla ya kushika chaki, hukitazama kile kioo.