Turubai la Pikapu

Mwaka 2019 nilinunua pikapu kuukuu ili nichukulie vitabu vya shule yetu ya Ruiru kutoka Thika. Nyuma ilikuwa wazi, na masika yalikuwa karibu. Nikapata turubai la kukunjwa lenye matao ya chuma, nikaanza kulifunga mwenyewe.

Fundi mmoja mzee alisimama akanitazama. "Mwalimu," akasema, "pima fremu pembe kwa pembe kabla ya kukaza bolti. Vipimo viwili visipolingana, imepinda, na maji yatapata njia."

Nikamjibu kwa kiburi, "Mzee, hesabu ndiyo kazi yangu."

Katika safari ya kwanza mvua ilinikuta Juja. Nilipofika shuleni, katoni mbili zilikuwa zimerowa chapachapa. Wanafunzi walivianika vitabu juani, ukurasa kwa ukurasa, wala hapana aliyenilaumu. Kimya chao kiliniuma kuliko lawama.

Nilirudi kwa mzee nikamwomba radhi. Tulilegeza bolti, tukapima. Tofauti ilikuwa sentimita 3. Tukaisogeza fremu hata vipimo vikalingana, tukakaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo. Turubai likawambika kama ngozi ya ngoma. Mvua iliyofuata haikupenya hata tone.

Kwamba mishazari ya mstatili hulingana nilijifunza chuoni, na kila mwaka naliandika jambo hilo ubaoni. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kulitumia ni kitu kingine. Hilo la pili, enyi vijana, nilifundishwa na fundi, kando ya barabara.