Leseni, Mawingu na Mamlaka ya Dola

Ninapofundisha mada ya mamlaka ya dola, mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki bungeni wala mahakamani. Unatoka katika leseni ya rubani binafsi, yule arukaye kwa gharama zake na asiyeruhusiwa kulipwa kwa urubani wake. Leseni hiyo pekee humruhusu kuruka akiona njia kwa macho yake. Kuingia mawinguni ni jambo jingine. Huko sikio la ndani humdanganya mtu, akajihisi yuko sawa ilhali ndege imelala ubavu, na cha kuaminika ni vyombo vilivyo mbele yake tu. Ndiyo maana hutakiwa idhini ya ziada.

Waingereza, ambao mawingu yao hayana msimu, walijibunia idhini ndogo ya aina hiyo. Mafunzo yake huanzia saa 15, wakati idhini kamili ya kimataifa hudai saa 40 za kuruka kwa vyombo. Miaka kadhaa iliyopita, mwenyeji wangu kusini mwa Uingereza, mhandisi mstaafu mwenye idhini hiyo, alinichukua kwenda Le Touquet, ng'ambo ya bahari, nchini Ufaransa. Tulipenya mawingu ya Kent bila taabu. Utabiri ulisema upande wa pili ungekuwa mweupe, lakini tulipofika katikati ya maji pwani ya Ufaransa ilikuwa imefunikwa. Akageuza ndege. Nikamwuliza kama mawingu yale yalikuwa mabaya kuliko tuliyoyapita. "Ni yale yale," akasema, "ila kule sina idhini."

Sababu imo katika Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Ibara ya 33 huzitaka dola zikubali leseni iliyotolewa na nchi ilikosajiliwa ndege, mradi viwango vyake visiwe chini ya vile vya kimataifa. Idhini ile ndogo haivifikii, hivyo Ufaransa haikuwa na deni lolote kwetu. Uingereza ililijua hilo. Iliona heri marubani wengi wajue kujinasua mawinguni nyumbani kuliko wachache wamudu idhini inayokubalika kote. Mimi naiona kuwa sera ya busara, hata kama ilininyima chakula cha mchana cha Kifaransa.

Ibara inayonisumbua ni ya 32. Humo dola imejiwekea haki ya kuikataa, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Raia wake, ndugu msomaji, si mgeni! Mmarekani mwenye leseni ya kwao na ndege iliyosajiliwa kwao, akishapata kibali cha kuingia, leseni yake hukubaliwa angani mwetu. Mtanzania mwenye leseni ile ile, katika ndege ile ile, aweza kukataliwa.

Mwanafunzi wangu wa zamani alirudi kutoka Marekani na leseni yenye idhini kamili ya vyombo. Ili arushe ndege zilizosajiliwa hapa, alihitaji leseni hiyo ithibitishwe. Kumtaka afanye mtihani wa sheria zetu za anga ni haki kabisa, na aliufaulu. Kisha jalada lake likakaa miezi kumi na moja katika ofisi moja, likihama meza hadi meza, bila mtu kumwambia kilichopungua.

Urubani wa vyombo huchakaa haraka. Sheria ya Marekani yenyewe humtaka rubani, ndani ya kila miezi 6, awe ameukaribia uwanja kwa vyombo mara 6, la sivyo asiingie mawinguni. Kijana huyu hakuwa na ndege ya kurusha. Kila wiki ambayo saini ilichelewa, ofisi iliyowekwa kulinda usalama wa anga ilikuwa ikimfanya rubani mzuri kuwa rubani hafifu.

Jibu lilipokuja, lilimtaka athibitishe kwamba ameruka kwa vyombo katika siku za karibuni.