Mali Kauli ya Guangzhou

Kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto ni kuagiza mizigo kutoka Guangzhou kwa niaba ya wenye maduka wa Kariakoo: vyombo vya jikoni, taa, mabegi, viatu. Nikiitazama kazi hiyo leo, naona kwamba sehemu kubwa ya maarifa niliyoyahitaji ugenini nilikuwa nayo kabla sijapanda ndege, nami, kama wenzangu wengi, niliyaacha nyumbani. Kariakoo tuna mali kauli. Mtu huchukua bidhaa bila kulipa, kwa neno lake tu, akaziuze kisha alete fedha. Mali kauli hapewi mtu aliyejulikana jana. Mwenye duka huuliza kwanza huyu ni wa nani, anakaa wapi, aliwahi kuchelewesha fedha za watu, na alipochelewesha alisema ukweli au alizima simu. Wachina wana neno guanxi, ambalo sisi hulitamka guanshi, na wako wanaolieleza kana kwamba ni fumbo lisiloingia katika akili ya mgeni. Mimi nalihesabu kuwa ndugu wa mali kauli, na naamini anayelielewa hivyo hufika mbali kuliko aliyekariri kanuni za adabu.

Kanuni hizo zipo na ni vizuri kuzijua. Kadi ya biashara hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, kisha husomwa kabla ya kuwekwa. Saa ya ukutani haifai kuwa zawadi, kwa sababu maneno ya kumpa mtu saa hulingana kwa sauti na yale ya kumhudumia mtu katika kifo chake. Huko Guangdong, anayemiminiwa chai hugonga meza taratibu kwa vidole viwili, na hiyo ndiyo asante. Lakini wenyeji humsamehe mgeni asiyegonga meza. Kinachowapa shaka ni haraka yake. Wengi wetu huenda wakati wa maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli, na siku za hoteli zikiwa zinahesabika, mtu anataka bei kabla hajakaa. Chai na maswali kuhusu mji na watoto anayaona ni kupotezewa muda. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akiingia nyumba ya watu Tanga au Bagamoyo, hawezi kutaja shida yake kabla hajauliza hali za wote waliomo.

Thamani ya ukaribu huo huonekana wazi kwenye malipo. Masharti ya kawaida kwa mteja mgeni ni asilimia 30 kabla ya kutengenezwa mzigo na asilimia 70 kabla haujaondoka. Kila upande una hofu yake. Mteja akishindwa kuleta salio, mwenye kiwanda hubaki na maelfu ya mabegi yenye nembo ya duka asilolijua, mabegi ambayo hakuna mwingine atakayeyanunua. Mteja naye amekwishatuma fedha, na kilichomo kwenye katoni huenda hakifanani na sampuli aliyoonyeshwa. Hofu hizo hupungua kwa jambo moja tu, nalo ni mwendo wa mtu kwa muda mrefu. Anayelipa salio siku aliyoahidi, oda baada ya oda, huanza kuona malipo ya awali yakipungua, oda yake ndogo ikikubaliwa, na mzigo wake ukiingizwa kwenye ratiba kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko punguzo la bei. Sikukuu hiyo huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, wafanyakazi husafiri kwenda kwao, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Mzigo uliokosa nafasi kabla ya hapo husubiri foleni mpya, na meli bado ina safari ndefu. Nafasi ile haipatikani kwa mkataba wala kwa kupiga kelele kwenye simu.

Hata ugomvi una njia yake. Wachina huzungumza juu ya uso wa mtu, mianzi, na watafsiri wengi huita heshima. Naona neno letu lililo karibu zaidi ni sitara. Bidhaa ikiwa na kasoro, anayemlaumu meneja mbele ya wafanyakazi wake amemvua nguo hadharani, na huyo meneja atatumia nguvu zake zote kujitetea badala ya kurekebisha. Anayemvuta pembeni akiwa na picha na vipimo amemsitiri, naye atatafuta njia. Vivyo hivyo kukataa: “si rahisi kidogo” au “tutalifikiria” mara nyingi ni hapana iliyositiriwa, kama “tutaona” yetu.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya kizamani, kwamba mkataba unatosha. Sipuuzi mkataba. Uwe na nakala ya Kichina, uwe na muhuri mwekundu wa duara wa kampuni, kwa kuwa kule muhuri huo una uzito kuliko saini, na leseni ya biashara ihakikiwe kwa namba yake yenye tarakimu na herufi 18. Lakini kuendesha kesi China kwa ajili ya nusu kontena ya masufuria kutakula fedha kuliko masufuria yenyewe. Wengine husema guanxi ni jina la heshima la rushwa. Hatari hiyo ni ya kweli, na sheria ya China ya ushindani wa haki inakataza rushwa ya kibiashara. Kipimo changu ni chepesi: zawadi inayoweza kutolewa mbele ya mwenye kiwanda na wafanyakazi wake ni zawadi, inayohitaji kufichwa, iache. Na kwa Mwislamu anayeogopa meza ya pombe, Wachina wenyewe wana usemi wa kutumia chai badala ya pombe. Aseme mapema, ainue kikombe chake cha chai, na hakuna atakayekuwa amevunjiwa heshima.

Pingamizi moja silijibu kwa wepesi. Wako wanaosema ukaribu huo haumlindi Mwafrika siku mambo yakiharibika. Aprili 2020, wakati wa Korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakalala nje, na serikali za Afrika zikalalamika rasmi. Wapo waliokuwa na miaka ya urafiki na wafanyabiashara wa mji ule. Guanxi ni ya mtu na mtu. Haigeuzi hofu ya mtaa mzima wala haimpi mgeni haki alizonyimwa. Kwa hiyo napinga kuifanya mbadala wa ubalozi, wa viza halali, wa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 kama sheria inavyotaka, na wa jumuiya ya Waafrika wenyewe. Tumewekeza mno kwa muuzaji na kidogo mno kati yetu.

Kijana unayejiandaa kwenda mwaka huu, jifunze kuhesabu kwa Kichina na ujue bei za Kariakoo kwa kichwa. Kisha tenga salio la kiwanda kabla hujanunua kitu kingine chochote, ulilipe siku uliyoahidi. Na ikiwa hutaweza, piga simu siku moja kabla.