Mlango wa Nyumbani

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii niliijua tangu utoto, lakini maana yake niliipata mbali na kwetu, nilipokuwa mwanafunzi katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, huko Marekani.

Majani yanapopukutika, shule na vyuo vya nchi ile hufanya sikukuu ya kuwaita nyumbani wanafunzi wao wa zamani. Hupita maandamano ya bendi na magari yaliyopambwa. Huchezwa mpira wa Kimarekani. Na mfalme na malkia wa wanafunzi hutangazwa mbele ya umati. Niliona wazee wawili, waliokaa chumba kimoja ujanani, wakikumbatiana na kulia. Mimi, nisiye na jamaa katika bara lile, niliyaonea wivu machozi yao.

Vyuo kadha hugombea heshima ya kuianzisha desturi hii. Baylor hutaja mwaka 1909, Illinois 1910, na Missouri 1911, Chester Brewer, mkuu wa michezo, alipowaita wahitimu warejee nyumbani kutazama mchezo na Kansas. Walihudhuria watu zaidi ya 9,000. Timu zilitoka sare, tatu kwa tatu. Iliyoshinda ni desturi.

Lakini chuoni mna jengo la utamaduni wa watu weusi lenye jina la Lloyd Gaines, nalo lilinifikirisha. Kijana huyu aliomba kusoma sheria, akakataliwa mwaka 1936 kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1938 Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo halina budi kumpa elimu iliyo sawa na ya wengine. Mwaka 1939 alitoweka mjini Chicago, asionekane tena. Watu weusi hawakupokewa chuoni mpaka mwaka 1950. Karibu miaka arobaini, basi, chuo kiliita watu nyumbani, hali wana wengine wa jimbo lile lile hawakuwa na ruhusa ya kubisha hodi.

Mwaka 2006 chuo kilimtunukia Gaines shahada ya heshima ya sheria. Heshima ilirejea, mwenyewe hakurejea.

Siilaumu furaha ya sikukuu, maana niliionja. Ila jioni ile, niliposhangilia pamoja na wenzangu, nilikumbuka kuwa mlango nilioupita kwa wepesi ulisukumwa na mtu ambaye hakuupita kamwe.