Nauli na Tikiti

Sisi watu wa Mpanda twalijua garimoshi tangu utoto. Reli yetu yaachana na reli kubwa ya Kigoma pale Kaliua, yavuka mto Ugalla, kisha yapita msituni hata ifike kwetu, mwendo wa kilometa 210. Ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi. Machimbo hayo yalifungwa zamani, walakini reli ingali ikichukua watu na mazao yao.

Labda mmoja wenu atauliza, "Kwa nini nilipe nauli, ikiwa garimoshi litakwenda vilevile, niwemo nisiwemo?" Kweli, leo litakwenda. Lakini mafuta yake hununuliwa, watumishi wake hulipwa mshahara, na maji ya masika yakibomoa tuta, sharti lijengwe tena. Nauli ya leo ndiyo inayoleta safari ya kesho. Na basi la mjini ni vivyo hivyo.

Watu wengi hudhani ya kuwa mkwepa nauli ni yule adandiaye mlangoni, au ajifichaye mkaguzi apitapo. Huyo yupo, wala si vigumu kumtambua. Lakini yuko mwingine aketiye kitini bila hofu. Siku moja nilipanda basi katika mji mkubwa, nikamwona kijana akimpa konda nusu ya nauli, wala hakutaka tikiti. Konda akaitia fedha mfukoni mwake. Wote wawili wakafurahi, na mwenye gari hakupata kitu.

Karibu nami aliketi bibi mzee. Alilipa nauli yake kamili, akangoja, kisha akasema, "Mwanangu, tikiti yangu i wapi?"

Konda akajibu, "Keti tu, bibi. Hapana mtu atakayekuuliza."

Bibi akasema, "Mimi ndimi niulizaye. Fedha imefika mkononi mwako. Nataka kujua kama itafika kwa mwenye gari."

Watu wakacheka. Lakini konda akamkatia tikiti, na mara abiria wengine watatu wakanyosha mikono wakitaka zao.

Wenye magari wana njia zao za kujilinda. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kuchukua abiria katika Dar es Salaam, nayo yakaitwa daladala. Wengi wa wenye mabasi hayo hawahesabu tikiti. Hutaka kiasi cha fedha walichopatana na dereva kila siku, kiitwacho hesabu, na kinachozidi ni cha dereva na konda. Basi dereva hukimbiza gari, konda huwashindilia watu, na mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo kwa amri ya Serikali, mara nyingi huachwa kituoni. Hasara iliyomtoka mwenye gari imemwangukia mtoto.

Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza katika mji huo, abiria alinunua tikiti dirishani, akapita langoni, ndipo akapanda. Njia hii ni bora, kwa kuwa fedha haipiti mikononi mwa watu walio ndani ya gari. Hata hivyo, langoni nako husimama mtu, naye akipokea kidogo kwa siri, lango halifai kitu.

Kwa hiyo, wanafunzi, lipeni nauli iliyoamriwa, mtake tikiti kwa adabu, mwitunze hata mwisho wa safari. Tikiti ni karatasi ndogo, lakini yamshuhudia alipaye na apokeaye pia. Na wengine wenu siku moja mtakuwa makonda na wakaguzi. Hapo mtoto akiwaomba tikiti yake, msimkasirikie, mkatieni.